Rivyu ya Felco 2: bustani inapata sura ya mwenyewe kwenye mkasi, sio kwenye kununua maua

Kila anayeanza bustani ya nyumbani anauliza anunue nini kwanza, maua gani, vyungu gani, taa gani za kuweka pembeni ya njia, na mimi nikiulizwa jibu langu ni lilelile siku zote, nunua mkasi mzuri wa kupogolea kwanza hivyo vingine vitafuata. Watu wanashangaa manake mkasi hauonekani kwenye picha, hakuna mgeni atakayepita getini kwako akasimama kuusifia. Lakini chukua bustani mbili zenye mimea ileile kabisa, udongo uleule, maji yaleyale, rudi baada ya miaka mitatu, moja utakuta ina sura, yaani ukiingia tu unajua hapa anaishi mtu fulani mwenye mambo yake, na nyingine imejaa majani basi. Tofauti haiko kwenye walichopanda, iko kwenye walichokata. Kupanda unapanda mara moja, kukata unakata miaka yote, na kila ukikata kuna kitu umeamua, hili tawi libaki, hili liende, hapa pawe wazi nione ukuta, hapa pazibe nisione matanki. Hayo maamuzi madogomadogo yakijumlika ndo bustani yako, na hakuna duka la miche linaloweza kukuuzia.

Kwa hiyo rivyu hii ni ya Felco 2, ule mkasi wenye mishiko myekundu, kama umekaa karibu na watu wa bustani lazima umeshauona mkononi mwa mtu. Urefu milimita 215, uzito gramu 240, na unakata tawi bichi mpaka unene wa milimita 25. Mishiko ni alumini ya kufua, kisu ni chuma kigumu kilichopitishwa motoni, katikati kuna bolti na nati, kuna springi, kuna raba ya kupunguza mshtuko mishiko inapokutana, na kwenye ile ndoano ya chini, yaani upande uliopinda usiokata unaoshikilia tawi, kuna kifereji cha kupitisha utomvu usigande katikati ya chuma na chuma. Kuna pia kijipengo cha kukatia waya mwembamba, kitu kidogo lakini ukiwa unafungua mmea uliofungwa kwenye fito kwa waya hutoki mbio kwenda ndani kutafuta koleo, na kubwa zaidi huharibu makali ya kisu kwa kukatia waya pasipo pake.

Kampuni yenyewe ilianzishwa mwaka 1945 na Félix Flisch kwenye kijiji cha Les Geneveys-sur-Coffrane huko Uswisi, na namba 2 ilitoka 1948. Umbo lake la msingi halijahama tangu hapo. Kwa mtumiaji hilo lina faida ya kazi kabisa, ina maana spea zipo. Kisu kikiisha unanunua kisu peke yake, namba 2/3, springi ikichoka unanunua springi, namba 2/91, raba nayo vilevile, unafungua nati unabadilisha unaendelea na kazi. Nimeshatumia mikasi mingine ya kampuni ambazo sina haja ya kuzitaja, ya kung'aa sana dukani, na hadithi ni ileile, kisu kinalegea, kinaanza kutafuna badala ya kukata, kinaacha nyuzi za gome zinaning'inia, halafu siku moja springi inaruka inapotelea kwenye majani na huo ndo mwisho wa mkasi mzima kwa sababu hakuna mtu duniani anayeuza hiyo springi. Mkasi mzima unakwenda jalalani kwa sababu ya kisipringi, inaniudhi sana hii. Felco 2 bei yake iko juu kuliko mikasi ya kawaida, hilo lisemwe wazi, ila unalipa mara moja halafu unalipa vipande tu.

Na ule wekundu wa mishiko sio urembo. Mkasi wa kijani kwenye bustani ni mkasi uliopotea, unauweka chini dakika moja ukavute tawi ukirudi huuoni, utauona umeshaota kutu baada ya mvua. Mwekundu unauona hata umefunikwa nusu na majani uliyoyakata mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kukata kwenyewe, hapa ndo nataka kukaa kidogo kwa sababu watu wengi wananunua mkasi mzuri halafu wanaukamata kinyume. Mikasi ya kupogolea iko ya aina mbili kubwa. Kuna ile ambayo kisu kinashuka kwenye kibao cha chuma kama mtu anakata kitunguu, hiyo inafaa kwa matawi makavu yaliyokufa, kwenye tawi bichi inabana na kuponda. Na kuna hii ya kupishana, kisu kinapita ubavuni mwa ndoano, Felco 2 ni ya kundi hili, na hii ndo ya kukatia kitu kilicho hai. Lakini hata hii ya kupishana ina upande wake, kisu kinakata safi na ndoano inakandamiza, kwa hiyo kisu kikae upande wa mmea unaobaki, na ndoano ikae upande wa kipande kinachoanguka. Ukigeuza, ule mbonyeo unabaki kwenye mmea wako, sehemu iliyopondeka inakufa taratibu, inakuwa kijiti cheusi. Ukiona bustani ya mtu mawaridi yake yamejaa vijiti vyeusi kwenye ncha usikimbilie kusema ni ugonjwa, mwangalie kwanza anavyoshika mkasi.

Kwenye mawaridi unakata juu kidogo ya jicho, lile chipukizi dogo lililolala, sio mbali sana likabaki gogo tupu juu yake na sio karibu mpaka ukaliumiza, na unachagua jicho linaloangalia nje ya mmea. Hapa ndo unaanza kuona kwamba mkasi unachora. Jicho ulilolichagua ndo litakuwa tawi, na tawi litaelekea kule jicho lilikoangalia. Ukichagua macho ya nje miaka miwili mitatu mmea unafunguka katikati, hewa inapita, majani yanakauka mapema baada ya mvua na fangasi inakosa pa kukaa. Ukikata popote tu bila kuangalia, matawi yanaingia ndani, yanasuguana, unapata kichaka cha miiba ambacho huwezi hata kukipalilia chini yake.

Na kwa nini ukikata ncha mmea unajaa pembeni? Ncha ya juu inatengeneza homoni inaitwa oksini, inashuka chini ya shina na kuyazuia machipukizi ya pembeni yasiamke. Ukiondoa ncha kile kizuizi kinapungua na macho ya chini yanaanza kutoka. Ndo maana uzio wa mimea unaokatwa mara kwa mara unakuwa mzito na usiokatwa unarefuka na kutoboka miguuni. Ukilijua hili unaacha kuona kukata kama kuuadhibu mmea. Unataka urefu, usiguse ncha, punguza pembeni. Unataka unene, gusa ncha mapema mmea ukiwa bado mdogo, usisubiri umekushinda kimo.

Matawi ya miti ni somo lingine, na hapa namshukuru sana mtu anaitwa Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno kuangalia ndani kuna nini. Alichokionyesha ni kwamba mti hauponi kama ngozi yetu inavyopona, hautengenezi upya kilichokufa, unajenga kuta kuzunguka sehemu iliyoumia na kuifungia ndani, halafu mbao mpya inaota juu yake. Na kuta zenye nguvu ziko pale tawi linapotoka shinani, kwenye ule uvimbe mdogo unaoitwa kola ya tawi. Kwa hiyo ukikata tawi, kata nje tu ya ule uvimbe. Usiukwangue mpaka shina liwe laini, kwa macho inaonekana nadhifu lakini umeondoa ukuta wenyewe, na usiache kisiki kirefu nacho kikaoza kikaingiza uozo ndani. Ile tabia ya kupaka rangi au lami kwenye kidonda nayo haizuii kuoza, acha kidonda wazi kikauke. Kichwa chembamba cha Felco 2 kinaingia vizuri kwenye pembe kati ya tawi na shina, unafika penyewe bila kukwaruza gome la pembeni, na hapa ndo nimeuona mkasi huu unavyozidi mikasi minene.

Haya, turudi kwenye sura. Watu wakisikia kupogoa wanafikiria mipira na maboksi, kila kitu kimenyolewa. Sio lazima, na kwa kweli sehemu kubwa ya kazi yangu haionekani kabisa kwamba imefanyika. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kuinua mti mdogo, yaani kuondoa matawi ya chini kidogokidogo, msimu huu mawili msimu ujao mawili, mpaka shina linajitokeza. Ghafla kichaka kimekuwa mti. Chini yake panapatikana kivuli chepesi, unaweza kuweka kiti, unaweza kupanda vinavyopenda nusu kivuli, na kutoka dirishani unaona mpaka mwisho wa bustani badala ya kugota kwenye ukuta wa majani. Hujanunua chochote na eneo limeongezeka. Ila usifanye siku moja, ukiondoa zaidi ya robo ya majani ya mti kwa mkupuo unaunyima chakula, utajibu kwa kutoa machipukizi marefu membamba yanayosimama wima, dhaifu, na kazi yako inakuwa mara mbili.

Kabla ya kukata kaa. Hili nalisisitiza kuliko lolote. Bustani unaiangalia kutoka sehemu chache tu, kiti cha barazani, dirisha la jikoni, pale mlangoni unapotoka asubuhi. Nenda ukakae hapohapo na mkasi umefungwa loki, angalia ni tawi gani linakera jicho, lipi linaziba kitu kizuri, lipi limependeza lenyewe bila kuagizwa na mtu. Halafu nyanyuka kakate moja, rudi ukae tena. Ukisimama ndani ya mmea huoni mmea, unaona majani, na ndo maana watu wanakata mno wakiwa wamesimama palepale kwenye ngazi. Mkasi wa mkono unakulazimisha huu mwendo, tawi moja, uamuzi mmoja. Mashine ya umeme haina subira hiyo, inafuta tu.

Ingawa nayo mashine mikononi mwa mtu mwenye jicho ni kitu kingine, sina ugomvi nayo. Mfano mkubwa kwangu wa bustani yenye sura ya mwenyewe ni ya Pearl Fryar, Bishopville, South Carolina, Marekani. Huyu alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, hakusomea bustani popote, alianza miaka ya 1980 na alikuwa anafanya kazi yake mpaka usiku baada ya zamu. Mimea mingi aliiokota kwenye lundo la takataka la kitalu, ile iliyotupwa kwa kuwa imeshaonekana haifai, akaipanda kwake na kuanza kuikata maumbo ambayo hayana jina, sio ndege sio mpira, yanapinda yanajisokota yanafunguka, ni yake tu. Alitaka tuzo ya mtaa ya yadi nzuri ya mwezi, akaipata, na watu wakaanza kusafiri kutoka mbali kuja kuona. Alitumia mashine ya kukatia uzio wa mimea na ngazi, ndio, sio Felco, ila hoja yangu inabaki palepale, mimea aliyoanza nayo wengine waliitupa. Hakuwa na mimea bora kuliko jirani yake. Alikuwa na macho na alikata kwa miaka bila kuacha.

Ukitaka ya zamani zaidi, Levens Hall kule Cumbria, Uingereza, ina bustani ya miti iliyochongwa ambayo ilianza kupandwa miaka ya 1690, na bado wanakata kila mwaka. Miti ileile, vizazi na vizazi vya mikono. Mingine imeinama, mingine imevimba upande, na hapo ndo uzuri wake, haikusahihishwa ikawa sawasawa.

Kwa upande wa muda wa kukata sitarefusha, kanuni ni moja ukiishika inakutosha. Mmea unaotoa maua kwenye matawi mapya ya msimu huu, kama haibiskasi, bogonvilea na mawaridi mengi ya kisasa, kata kabla ukuaji mpya haujaanza. Unaotoa maua kwenye matawi ya msimu uliopita, kama ile haidrenjia ya mipira mikubwa, kata mara tu maua yakiisha, ukichelewa unakata maua ya mwakani. Lavenda usishuke mpaka kwenye mti mkavu usio na majani, mara nyingi haichipui tena kutoka hapo. Na mchikichi au mnazi au mtende wowote usikate ncha, una ncha moja ya kukulia, ukiikata shina hilo limekufa.

Kuna matumizi mengine ya mkasi huu ambayo kwangu yana uzito kuliko hata kupogoa, nayo ni vipandikizi. Bustani yenye watu ndani yake ni ile yenye vitawi vya kupewa. Asumini yangu ilitoka kwa shangazi, kitawi kimoja, na sasa iko sehemu tatu za bustani kwa sababu kila nikiipunguza nachomeka vingine. Ukitaka kitawi kishike, kata kipande cha sentimita 10 mpaka 15, chini kidogo tu ya pingili, pale jani linapoota, kwa kuwa hapo ndo mizizi inapenda kutokea, ondoa majani ya chini acha machache ya juu, chomeka kwenye udongo mwepesi usiotuamisha maji, weka kivulini. Makali ya kisu ndo yanaamua hapa, kitawi kilichopondwa chini kinaoza kabla hakijatoa mzizi, kilichokatwa kwa mpigo mmoja safi kina nafasi kubwa zaidi. Na kuna faida ya sura pia, mmea mmoja ukijirudia sehemu kadhaa za bustani unaifunga pamoja. Jicho linatoka asumini ya getini linakutana na asumini ya kibarazani na bustani inasomeka kama kitu kimoja, tofauti na ile ya kununua mmea mmoja wa kila aina ikawa kama rafu ya duka. Ukienda kwa mtu na ukapenda kitu chake muombe kitawi, mwambie nimekipenda hiki naomba kidogo, watu wa bustani wanafurahi kuombwa. Na ukitembea na mkasi wako wenye makali hutomchania mmea wake kwa mikono.

Matunzo sasa. Hapa Felco 2 inadai kidogo, ila inadai. Ukimaliza kazi futa utomvu kwa kitambaa, utomvu mkaidi paka mafuta kidogo sugua utatoka, kausha, weka tone la mafuta pale kwenye bolti, funga loki, weka sehemu kavu. Usiulaze nje. Ukihama kutoka mmea mgonjwa kwenda mzima futa kisu kwa spiriti, alkoholi ya asilimia 70 inatosha na hausubiri kitu, jiki inaua vijidudu pia lakini inakula chuma, ukiitumia lazima suuza na ukaushe vizuri. Hili sio la kupuuza, kuna bakteria na virusi vya mimea vinavyosafiri kwa kisu, ukianza na mmea mmoja wenye shida unamaliza safu nzima umeshaigawia.

Kunoa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kisu kina mteremko mkubwa upande wa nje, unaufuata mteremko uleule wa kiwandani kwa jiwe dogo la kunolea au tupa ya almasi, unasukuma kuelekea makali, mwendo wa taratibu wa kufuata mkunjo wa kisu, halafu upande wa nyuma unapitisha jiwe kidogo tu, karibu lilale kabisa, kuondoa vimanyoya vya chuma vilivyobaki kwenye makali. Usiunoe upande wa nyuma ukatengeneza mteremko wa pili, utaacha mwanya kati ya kisu na ndoano na mkasi utaanza kukunja vitawi vyembamba katikati bila kuvikata. Na kabla hujalaumu makali angalia nati, mara nyingi mkasi unaosemekana butu umelegea tu. Kaza kidogo mpaka kisu na ndoano vinapita bila kucheza ubavuni ila bado vinafunguka vyenyewe kwa springi. Kipimo changu ni karatasi, mkasi ukikata karatasi safi mpaka ncha ya kisu basi uko tayari kwa mawaridi.

Nisichokipenda. Mshiko wake hauzunguki, kwa hiyo ukiwa na siku ya kukata kuanzia asubuhi mpaka jioni mkono unajua. Kampuni yenyewe inatengeneza namba 7 yenye mshiko wa chini unaozunguka vidole vinapofunga, kwa mwenye maumivu ya vidole au kazi ya kutwa angalia huo. Kwa bustani ya nyumbani ambayo unakata nusu saa jioni mi naona 2 inatosha kabisa na ina vipande vichache vya kuhangaika navyo. La pili mishiko inafunguka pana, mwenye kiganja kidogo anajikuta anaunyakua kwa ncha za vidole, nguvu inapotea. Na la tatu kuna feki nyingi zenye mishiko myekundu na umbo lilelile, kisu chake hakishiki makali na spea halisi zinaweza zisiingie, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayeuza na visu na springi zake pia, mwenye spea mara nyingi ndo mwenye kitu halisi.

Usiulazimishe pia. Tawi linalozidi zile milimita 25, hata likiwa limezidi kidogo tu na unaona aibu kufuata msumeno, liache. Ukianza kuuzungusha mkasi huku na huku ili upenye unapinda kisu na unaupasua mti. Chukua msumeno wa kupogolea, kata kwanza kwa chini ya tawi mbali kidogo na shina mpaka theluthi hivi, halafu kata kwa juu mbele kidogo ya hapo tawi lianguke lenyewe bila kuchuna gome, mwisho ondoa kisiki kwenye kola. Na mimea yenye utomvu wa maziwa kama mnyaa na ndugu zake wa yuforbia, vaa glavu na linda macho, ule utomvu ukiingia jichoni ni hospitali. Oleanda nayo ina sumu mmea mzima, matawi yake usiyachome moto, moshi wake una madhara.

Kwa wa mkono wa kushoto, usichukue 2, chukua 9. Huo umetengenezwa kwa ajili ya mkono wa kushoto, kisu kiko upande wa pili na loki inafikiwa na dole gumba la kushoto. Watu wanawaambia wa kushoto wazoee tu, hapana, ukitumia wa kulia kwa mkono wa kushoto kisu kinafichwa na ndoano huoni unakatia wapi, na kazi yote hii ni ya kuona unakatia wapi. Na mwenye kiganja kidogo kuna namba 6, milimita 195, gramu 210, unakata mpaka milimita 20, nimeushika na kichwa chake chembamba kinaingia kwenye matawi yaliyosongamana vizuri hata kuliko 2. Kama bustani yako ni ya vyungu na mawaridi na hakuna miti ya kuinua, anza na huo 6 moja kwa moja.